Gari Lina Namba, Fundi Hana Jina

Wasee, tuanze na hii. Kenya ina sheria kwamba gari la mtumba likizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko lilikotoka, haliingii nchini. Limezeeka, limekwisha, lipelekeni kwingine. Mathe wako akijibana miaka mitano anunue kagari kutoka Japani, kakiwa na miaka 9, kanakataliwa pale pale Mombasa. Sasa njoo Ngong Racecourse, Nairobi, siku ya Africa Concours d'Elegance. Hapo utakuta gari la miaka 80, miaka 90, linapanguswa kwa kitambaa laini kama mtoto anayetoka kuoga. Waamuzi wanainama kuchungulia tumboni mwake kama kuna tope. Halafu linapewa kombe.

Shindano hilo limekuwepo tangu 1970 na waandaaji ni klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo. Mimi sina ugomvi na kombe. Sina ugomvi hata na hayo magari, kwa sababu ukweli ni kwamba nayapenda vibaya sana. Bentley ya 1930 ikiwashwa, ule mngurumo wa chini, polepole, kama ng'ombe dume anayefikiria jambo, manze mwili unasisimka. Ugomvi wangu uko kwenye neno moja ambalo wenye magari hayo wanalipenda kuliko petroli: historia. "Gari hili lina historia." "Tumerudisha historia." Hapo ndipo mimi nauliza, historia ya nani?

Niliposti klipu fupi kuhusu hili, komenti zikajaa. Ya kwanza kabisa: "Msichana wa Lumakanda, tena umeacha chuo, unajua nini kuhusu Rolls-Royce?" Sawa. Kaa hapo, nitakujibu kwa urefu.

Mwaka 1907 kampuni ya Rolls-Royce, ikiwa changa kabisa, ilitoa gari lenye chasisi namba 60551 na usajili AX 201. Bodi ilijengwa na Barker wa London, ikapakwa rangi ya fedha, na vyuma vya nje vikapakwa fedha yenyewe. Wakalipa jina Silver Ghost, yaani Mzimu wa Fedha. Wakaliendesha kati ya London na Glasgow mara 27, likapiga maili 14,371 mfululizo bila kusimamishwa na hitilafu. Enzi hizo gari la kawaida lilikuwa linakufa njiani kama betri ya simu ya mkopo, kwa hiyo magazeti yakapiga kelele na jina likatengenezwa. Aliyelinunua 1908 anajulikana. Mwaka ambao kampuni ililipata tena unajulikana: 1948. Miaka ambayo lilifanyiwa ukarabati mkubwa inajulikana: 1989 hadi 1991. Na si gari hilo peke yake. Kila chasisi ya Rolls-Royce ya zama hizo ilikuwa na kadi yake kiwandani: nani aliagiza, bodi ilijengwa na nani, lilipelekwa wapi. Kadi hizo zipo mpaka leo, zimetunzwa Uingereza na klabu ya wapenzi wa magari hayo. Unaweza kupeleka namba ya chasisi na ukaletewa ukoo mzima wa gari.

Ukoo wa gari! Kuna watu hapa Lugari hawawezi kukuambia babu wa babu yao alizikwa wapi.

Sasa tushuke kwenye gurudumu, maana hakuna anayetaka kushuka huko. Mwaka 1907 raba ya dunia bado ilitoka kwa wingi kwenye miti na mitambaazi ya porini, Amazon na Afrika ya Kati. Mashamba makubwa ya mipira ya Malaya yalikuwa bado machanga, hayajafurika sokoni. Na Afrika ya Kati maana yake ilikuwa Kongo, ile iliyoitwa Dola Huru ya Kongo, mali binafsi ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kuanzia 1885 hadi 1908. Kijiji kinapewa kiwango cha raba. Kisipofikisha, wanawake wanafungwa kama rehani mpaka waume zao walete. Askari wakatumwa, na wakatakiwa kuthibitisha kwamba risasi hazikupotea bure, kwa hiyo wakarudi na mikono ya watu iliyokatwa. Haya si maneno ya mtandaoni. Balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, aliandika ripoti iliyotoka 1904.

Mwaka huo huo mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, akiwa Baringa huko Kongo na kamera yake, alipiga picha ya mwanamume ameketi kwenye baraza. Mbele yake, sakafuni, kuna mkono mdogo na mguu mdogo. Jina la huyo baba ni Nsala. Mtoto alikuwa bintiye, Boali. Picha hiyo na nyingine zikazungushwa Ulaya na Marekani, zikaonyeshwa kwenye kumbi ukutani kwa taa, watu wakalia, wabunge wakaulizwa maswali, na 1908 Leopold akanyang'anywa Kongo yake.

Nataka uangalie kitu kimoja hapo, wewe mwenye simu mkononi. Tunamjua Nsala na tunamjua Boali kwa sababu mtu mwenye kamera aliuliza, "Unaitwa nani?" Kulikuwa na maelfu na maelfu kama wao. Hao wengine hawana kadi kiwandani.

Halafu Silver Ghost ikaja kwetu yenyewe. Sitanii. Vita vya Kwanza vilipoanza, Waingereza walichukua chasisi zile zile wakazivika vyuma, zikawa magari ya vita ya deraya, na mengine yakaletwa Afrika Mashariki kupigana na Wajerumani. Yalifanya kazi upande wa Taita, kule Maktau. Ukiwa mpenzi wa magari utapata vitabu, picha, michoro, hata vidude vya kuchezea vya magari hayo. Lakini vita ya huku haikubebwa na magari. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, mvua ikameza magurudumu, kwa hiyo mizigo ikawekwa kichwani kwa watu. Wapagazi. Kwa Kiingereza kikosi kiliitwa Carrier Corps, na wenyeji wakakitamka wanavyoweza: ndiyo maana Nairobi kuna Kariokor na Dar es Salaam kuna Kariakoo. Walikufa kwa kuhara, kwa njaa, kwa nimonia, wengi sana kuliko waliokufa kwa risasi.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote, au hawakukumbukwa kabisa. Rudia hiyo namba ukiwa umeketi. Nenda Kenyatta Avenue, Nairobi, utawakuta wameganda pale, sanamu tatu za shaba. Hakuna jina hata moja.

Wenye magari wanaita kipindi hiki "kabla ya vita", wakimaanisha Vita vya Pili. Gari la kabla ya vita ni daraja la juu kabisa, ndiyo dhahabu ya hobi yao. Kwa hiyo tuangalie Kenya ya kabla ya vita kwa hesabu, maana mimi niliacha chuo, sikuacha hesabu.

Rolls-Royce Phantom ya 1925: chasisi peke yake, yaani injini na fremu na magurudumu bila bodi, ilikuwa pauni 1,850. Bodi unaenda kuagiza kwa fundi wa bodi kwa pesa nyingine. Pauni moja ilikuwa shilingi 20 za Afrika Mashariki, kwa hiyo chasisi ni shilingi 37,000. Kibarua kwenye shamba la setla miaka hiyo alilipwa karibu shilingi 10 kwa mwezi, na wengine hawakuifikia hiyo. Gawanya. Ni miezi 3,700. Ni miaka 308 ya kulima bila kula, bila kuoa, bila kuugua, ili ununue gari lisilo na viti. Na kati ya hizo shilingi 10 za mwezi, serikali ilikusubiri na kodi ya shilingi 12 kila mwaka, ambayo lengo lake lilikuwa wazi: ukose pesa, uende shambani kwa Mzungu.

Ili usikimbie huko shambani kuna kipande. Sheria yake ni ya 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya vita, kwenye 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alibeba karatasi yenye alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Kwa hiyo miaka hiyo hiyo kulikuwa na namba mbili Kenya. Namba iliyopigwa kwenye chasisi, na namba iliyotundikwa shingoni mwa mtu. Leo ya kwanza inaongeza bei mnadani. Ya pili iko wapi? Ukikuta kipande cha babu yako kwenye sanduku la bibi, utalipwa ngapi?

Lumakanda haiko mbali na hadithi hii, iko katikati yake. Kabla ya uhuru, Lugari hii ya mahindi ilikuwa mashamba ya masetla, kipande kimoja na nchi ya Eldoret na Turbo. Uhuru ulipokaribia na baada ya hapo ndipo mashamba yakakatwa kuwa skimu za makazi na watu wetu wakaja kutoka Maragoli, Bunyore na kwingine kulikojaa. Na huko Kakamega kwenyewe, dhahabu ilipogunduliwa 1931, masetla waliokuwa wamefilisika kwa mdororo walipakia magari yao wakaja kuchimba. Sheria ya 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba wakichukuliwa ardhi ya hifadhi watapewa ardhi nyingine. Dhahabu ilipoonekana, mwaka 1932 sheria ikabadilishwa haraka haraka, ardhi ikachukuliwa kwa fidia ya pesa bila kupewa ardhi nyingine. Kwa hiyo ukiona gari la miaka ya 1930 linang'aa na mwenye nalo anasema "lilikuwa la familia ya walowezi wa magharibi mwa Kenya", wewe wa Kakamega unaruhusiwa kuuliza swali la pili.

Tuje kwa gari maarufu kuliko yote kwenye umbea wa kikoloni: Buick ya Lord Erroll. Tarehe 24 Januari 1941, alfajiri, gari lilikutwa limeingia kando ya barabara ya Ngong, nje ya Nairobi, na Josslyn Hay, Earl wa Erroll, amekufa ndani kwa risasi ya kichwa. Alikuwa na uhusiano na mke wa Sir Jock Delves Broughton. Broughton akashtakiwa, akaachiliwa Julai, akafa Liverpool Desemba 1942. Kuna kitabu, kuna filamu ya 1987, kuna watu wamemaliza maisha yao wakibishana kuhusu bastola, taa za gari na alama nyeupe kwenye kiti cha nyuma. Sasa niambie: nani alilikuta gari? Walikuwa Waafrika wawili waliokuwa na loli la maziwa usiku huo. Kwenye simulizi nyingi ndivyo wanavyoitwa, "Waafrika wawili". Tunajua kiti kilikuwa na doa la rangi gani, na walioshuka kwenye loli gizani wakachungulia dirishani wakaona maiti ya bwana mkubwa, katika nchi ambayo Mwafrika kukutwa karibu na maiti ya Mzungu kungeweza kumaliza maisha yake, hao ni "wawili".

Hiyo ndiyo shida yangu, imekaa kwenye gari moja. Doa la kiti limehifadhiwa.

Najua kuna mtu tayari anaandika, "Dada, gari ni gari, usilete siasa kwa vyuma." Budaa, walioleta historia kwa vyuma ni nyinyi. Mngesema "hili ni gari zuri, limeoshwa vizuri, liangalieni", ningenunua chipsi nikaangalia. Lakini mkisimamisha kibao mbele ya gari kinachosema lilikuwa la nani mwaka gani, mmeshaingia darasani. Basi fundisheni somo lote.

Mwingine ataniambia, "Kama si hao matajiri, magari hayo yangekuwa skrepa zamani." Hii ina ukweli nusu, na nusu hiyo naikubali. Kukarabati gari la 1930 kunakula pesa kama harusi, kila wiki kuna mtu mpya wa kulipa. Lakini pesa haijawahi kushika tupa. Hebu nikuambie kazi yenyewe ilivyo, kwa wale wanaofikiri ukarabati ni kupaka rangi na kubadilisha matairi.

Injini za zamani hizo hazina bering unayoenda kuulizia dukani Kirinyaga Road. Kuna madini laini yenye bati yanayeyushwa, yanamiminwa ndani ya chuma, halafu yanakwanguliwa kwa mkono, kidogo kidogo, unapaka rangi unazungusha, unaangalia palipogusa, unakwangua tena, mpaka shafti ikae kama yai kwenye kiota. Ukikosea upana wa unywele injini inagonga. Chini ya bodi ya bati mara nyingi kuna fremu ya mbao, kwa hiyo unahitaji seremala anayeelewa gari, au fundi wa gari anayeelewa mbao. Gia nyingi hazijisawazishi zenyewe, dereva anakanyaga klachi mara mbili na kusikiliza injini kwa sikio. Spea hakuna. Spea unaitengeneza. Huo ni ujuzi wa mtu, uko kwenye vidole, na mwenye vidole akifa umekwenda.

Hapa Lumakanda tuna mzee mwenye vidole hivyo. Karakana yake ni mabati matatu na mwembe. Kazi yake ya kila siku ni trekta za Massey Ferguson ambazo zina umri kuliko mama yangu, na msimu wa kupanda ukifika utawakuta wakulima wamepanga foleni kama hospitalini. Alianza akiwa na miaka 15, Eldoret, kwenye gereji ya Kalasinga mmoja. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kushika taa. Ndivyo magari yale yalivyotunzwa nchi hii, mkitaka kujua: Mzungu alinunua, Kalasinga akafungua injini, kijana Mwafrika akashika taa, na aliyeshika taa akawa anaangalia. (Na msiwasahau Makalasinga pia. Joginder Singh alishinda Safari Rally 1965 na Volvo iliyokuwa imeshatumika, akashinda tena 1974 na 1976. Huyo jina lake tunalo kwa sababu kulikuwa na mstari wa kumalizia na mtu mwenye kalamu. Waliobaki gereji hawakuwa na mstari.)

Sasa sikia. Mwaka juzi alikuja mtu kutoka Nairobi, ameelekezwa na mtu, ameelekezwa na mwingine. Ana gari la Kiingereza la miaka ya 1930 analifufua. Kwenye kigunia ana kifuniko cha pampu ya maji, cha aloi, kimepasuka vipande vinne. Ameulizia Uingereza, ameambiwa asubiri miezi na bei yake inalingana na ng'ombe wawili wa maziwa. Mzee akaviangalia vile vipande kama daktari wa mifupa. Akavigandisha pamoja, akatengeneza umbo kwenye mchanga, akayeyusha pistoni kuukuu za aluminiamu, akamimina. La kwanza likatoka na matundu. La pili likakubali. Siku tatu akalipiga tupa, akalipima kwa kipande cha kioo kuona kama limelala sawa. Nilikuwepo, nina video. Bei waliyopatana ilikuwa 6,000. Akalipwa 2,500 mkononi, na "nyingine nitakutumia kwa M-Pesa nikifika".

Mpaka leo hajafika, inaonekana.

Baada ya miezi kadhaa nikaliona gari mtandaoni, limesimama kwenye nyasi, linang'aa, na maelezo yameandikwa kwamba mwenyewe amelirudisha kwenye hali yake ya asili "kwa mikono yake". Nikapeleka simu kwa mzee. Akavaa miwani, akavuta picha, akanyamaza. Halafu akasema, "Kile kifuniko hakivuji. Ona." Hakuuliza kuhusu 3,500. Aliangalia kama hakivuji.

"Mzee, nikuandike jina?" nikamuuliza.

"Hapana, binti yangu. Usiniandike bado. Huyo mtu anajua watu. Akikasirika, hata wale wengine hawatakuja."

Kwa hiyo hata mimi, ninayepiga kelele za majina hapa tangu juu, siwezi kukupa la kwake. Fikiria hiyo kidogo. Mtu anadaiwa, yeye ndiye anaogopa.

Na kuna jambo la karatasi. Mzee huyu hana cheti chochote cha ufundi. Hajawahi kufanya mtihani wa daraja la tatu, la pili wala la kwanza, kwa sababu alikuwa anafanya kazi. Serikali inasema siku hizi kuna mpango wa kutambua ujuzi wa watu kama yeye waliojifunza bila darasa. Safi sana. Uje Lumakanda basi, tumechoka kuusikia kwenye hotuba. Kijana akitoka chuoni na cheti cha magari bila kuwahi kufungua injini anaitwa fundi mitambo, na huyu anayemimina kifuniko cha gari la 1930 kutoka kwa pistoni za skrepa anaitwa "jua kali". Nilipokosa karo mwaka wa pili na kurudi nyumbani, niliambiwa na watu wengi kwamba nimekuwa si kitu. Najua ladha ya hilo neno, ndiyo maana nikiliona linapakwa kwa mtu mwingine, sinyamazi.

Ninachotaka si kikubwa. Ukienda kwenye orodha ya washindi wa Pebble Beach huko California, shindano kubwa kuliko yote la magari haya, tangu 1950 utaona gari na mwenye gari. Huo ndio mtindo wa dunia. Sisi tuna nafasi ya kuufanya tofauti kwa sababu huku kwetu mafundi wa kwanza na wa pili bado wapo hai, wengine. Kila gari linaloingia nyasi za Ngong liwe na kibao chenye sehemu tatu: nani alilinunua, nani aliliendesha, nani alilitengeneza. Isipojazwa hiyo ya tatu, kata alama, kama mnavyokata kwa tope chini ya bodi. Mwenye gari akisema hajui, aende akaulize. Mbona namba ya chasisi aliitafuta mpaka Uingereza? Na kombe likitoka, fundi apande jukwaani ashike upande mmoja. Ana mafuta mikononi? Wacha liwe na mafuta.

Pia mlipe. Hii sio falsafa. Kuna mtu ana gari linalouzwa mamilioni na ameshindwa kutuma 3,500.

"Wivu huo," mtasema. Ningekuwa na pesa ningenunua? Ningenunua kesho asubuhi, tena Bentley ya kijani, na ningepita nayo katikati ya soko la Lumakanda siku ya soko nikipiga honi. Kumiliki kitu kizuri si kosa. Kosa ni kumiliki kazi ya mtu, ukafuta jina lake, halafu unipe mimi somo la historia.

Waamuzi na wenye makombe watasoma au hawatasoma. Ninyi ndio nawaambia, kwa sababu simu mnazo. Kila mji una mzee mmoja wa aina hii: Turbo, Webuye, Kitale, Thika, Mombasa kule Majengo, hata Dar. Jumamosi hii mimi naenda Turbo kwa fundi wa radieta mwenye miaka 78 ambaye amekubali kuandikwa. Maswali yangu ni haya, yachukueni bure. Unaitwa nani, majina yote. Ulizaliwa wapi. Nani alikufundisha, na yeye nani alimfundisha. Gari la kwanza ulilofungua lilikuwa la nani. Kitu gani unajua kutengeneza ambacho hakuna mwingine hapa anajua. Halafu mwombe akionyeshe hicho kitu, simu ikae karibu na vidole vyake, taa itoke kushoto, usiongee juu yake, wala usiweke muziki.

Wekeni klipu zenu chini ya hii posti. Na kama wewe ndiye mwenye lile gari la Kiingereza na kifuniko kipya cha pampu, unajijua: namba ya mzee ya M-Pesa bado ni ile ile.